Mguu wa Baba na Dawa Iliyozoeleka

Iko siku moja ya mwezi Machi ninayoikumbuka kila ninaponawa mikono, mwanangu. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na njia ya kutoka Mbuji ilikuwa bado inateleza. Wanaume wanne wa kijiji chetu hicho waliingia kwenye uwanja wa hospitali wakiwa wamebeba machela ya mianzi, na juu ya machela alilala baba yangu mzazi, Mzee Gaspari. Alikuwa anacheka.

"Taratibu jamani," alikuwa akiwaambia wabebaji. "Mnanibeba kama gunia la kahawa. Mnajua mnanipeleka kwa nani? Kwa mwanangu, Daktari Osmundi."

"Mzee nawe! Damu inatoka, wewe unajisifia tu," mmoja akamjibu.

"Nisijisifie kwa nini? Wewe wa kwako yuko wapi?"

Wakacheka wote, nami niliyesimama mlangoni na koti langu jeupe nikacheka zaidi yao. Nakiri, mwanangu, nilifurahi. Baba yangu ameumia nami nimefurahi, kwa sababu hospitali nzima ilikuwa inasikia jina langu.

Baba alikuwa amejikata mguu kwa nyengo. Wewe uliyekulia mjini huenda hujui: mwezi kama huo, kwetu Umatengo, wanaume hufyeka majani mlimani kwa nyengo, lile panga lenye ncha iliyopinda, kisha huyapanga majani kama miraba, na wanawake hufukia miraba hiyo kwa udongo na kuacha shimo katikati. Hizo ndizo ngoro. Ukiziona kwa mbali, mlima unaonekana kama sega la nyuki. Mvua ikija, maji hutuama kwenye mashimo na udongo hauendi popote. Baba aliteleza kwenye majani mabichi na nyengo ikamwingia juu ya unyayo. Jeraha lilikuwa la urefu wa kidole, refu kwenda ndani, lina tope, lakini mfupa ulikuwa salama. Jeraha la kupona, mwanangu. Nimeona maelfu ya namna hiyo.

Kabla sijaendelea, nikwambie mimi nilikuwa nani, maana bila hivyo hutaelewa jinsi nilivyokosea.

Mimi sikusomeshwa na mtu. Nilipomaliza shule ya msingi nilikuwa nashuka kwa miguu hadi ziwani, Mbamba Bay, nanunua usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, naupandisha kichwani hadi milimani kuuza. Nikapata nauli. Nikaenda Dar es Salaam nisikojua mtu, nikaajiriwa kufagia wodi na kumwaga mabeseni. Nilikuwa nafagia huku nasikiliza waganga wakifundishana kando ya vitanda. Nikajisomea hadi kidato cha nne, nikaomba chuo, nikakataliwa, nikaomba tena. Mwishowe nikapata diploma ya utabibu, na ipo ukutani kwangu hadi leo, ndani ya fremu niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Nasema haya kwa fahari na sioni aibu. Wengi waliozaliwa na kila kitu hawakufika nilikofika.

Nilirudi Mbinga miaka ile soko huria lilipofunguliwa. Wewe unaona kawaida kukuta kila kitu dukani. Sisi tulitoka kwenye miaka ambayo hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kutafuta. Ghafla mabasi yakaanza kuleta kila kitu: redio, mitumba, baiskeli, na dawa. Maduka ya dawa yakachipuka kituo cha mabasi. Mtu alikuwa anaingia na kusema "nipe rangi mbili", anapewa kapsuli mbili za dawa ya kuua bakteria, anameza moja na nyingine anamwekea mke. Na mimi nilishuka basini na sanduku la bati lenye vichupa vya sindano mpya, yenye nguvu, ambayo hospitali yetu ndogo ilikuwa nayo kwa kuhesabika.

Hospitali hiyo sitaitaja jina. Ilikuwa na wodi mbili, chumba cha upasuaji chenye dirisha moja, na Mama Kapinga.

Mama Kapinga alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume. Hakuwa na diploma. Alikuwa na cheti cha zamani na miaka mingi kazini, mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiunoni alining'iniza ufunguo wa kabati dogo lililokuwa ukutani mwa chumba cha dawa. Ndani ya kabati hilo ilikaa ile sindano kali, vichupa vichache tu. Utaratibu wa hospitali ulikuwa kwamba kabati halifunguliwi mpaka watu wawili, mganga na muuguzi, wamesimama kando ya mgonjwa mmoja na wamekubaliana kwamba dawa za kawaida zimeshindwa. Siyo kwamba wanadhani zitashindwa. Zimeshindwa.

Nilipofika na sanduku langu niliuona utaratibu huo kama ushamba.

"Mama, hii ilikuwa ya wakati wa shida," nilimwambia. "Sasa dawa zipo. Kwa nini mtu aumwe siku tano wakati naweza kumponya kwa siku mbili?"

"Daktari," akasema, "hiyo dawa inafanya kazi kwa sababu vijidudu vya wodi hii havijaizoea. Siku vikiizoea, utafungua kabati gani?"

"Mama Kapinga, mimi haya nimeyasomea."

"Na mimi nimeyaona."

Nilikwenda kwa mganga mkuu wetu, mzee mchovu aliyekuwa anakaribia kustaafu, nikamwelezea kwa maneno makubwa ya chuoni. Akasema fanyeni mtakavyoona. Nikarudi na kumnyooshea Mama Kapinga mkono, naye akaufungua ufunguo kiunoni akanipa. Tangu siku hiyo niliacha kumwamkia "Shikamoo". Nikawa namwambia "Habari za kazi", kama namwamkia mtu wa rika langu. Naye akawa anajibu "Nzuri, Daktari," macho yake yakiwa kwenye kazi.

Basi nikaanza kuchoma sindano. Kikohozi, sindano. Homa, sindano. Mtu ametolewa ngiri na mshono wake ni mkavu kabisa, sindano siku saba. Watu wakanipenda, mwanangu, wakanipenda hasa. Walipanda kutoka Lituhi na vijiji vya ziwani, walikuja kutoka Mapera baada ya misa, wakawa wanauliza mlangoni: "Yupo yule wa sindano moja?" Waliniletea kuku, waliniletea samaki wa ziwani, mbasa wa kukaushwa. Mtu akiandikiwa vidonge vya kawaida alikasirika, akaona amedharauliwa.

Na jambo jingine lilifuata, dogo, ambalo hakuna aliyelitangaza. Pale wodini palikuwa na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba. Zamani hapakuwa na aliyegusa kidonda cha pili bila kupitia kwenye ile ndoo. Nilipokuja na dawa yangu, nikawa mtu wa haraka. Wagonjwa walikuwa wengi, nami niliona sindano itamaliza chochote kitakachoingia. Nilikuwa nafungua kidonda cha huyu, nafuta vidole kwa pamba yenye spiriti, nakwenda kwa yule. Wauguzi vijana waliponiona, wakaniiga. Maji kwenye ndoo yakawa yanakaa hadi yanaota ukungu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Kapinga alinisimamisha kwenye veranda.

"Daktari, ile harufu imerudi."

"Harufu gani?"

"Njoo."

Akanipeleka kwa wagonjwa watatu waliolala upande wa ukutani. Bandeji zao zilikuwa na doa la kijani, na harufu yake ilikuwa tamutamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi likasahauliwa kabatini. Ukiinusa mara moja huisahau. Wote watatu walikuwa wanapata sindano yangu, na wote watatu vidonda vilikuwa vinazidi.

"Tuwatenge hawa," akasema. "Tuwape mtu wao mmoja wa kuwahudumia, vifaa vyao peke yao. Na hiyo sindano tuisimamishe, haiwasaidii kitu."

"Nitaongeza kipimo," nikasema.

Alikwenda kwenye ndoo, akamwaga maji yaliyooza, akaanza kuisugua yeye mwenyewe, yule mama wa makamo, muuguzi mkuu wa wodi, amechuchumaa chini. Nami nikapita kando yake nikaenda zangu kunywa chai.

Siku tano baadaye ndipo baba alipoletwa kwenye machela.

Mama Kapinga alikitazama kidonda cha baba kwa muda mrefu. "Kidonda hiki kinataka maji mengi na sabuni," akasema. "Kioshwe tope lote litoke, kisishonwe, kiachwe wazi. Achomwe ya pepopunda. Halafu mzee asilale humu. Ana shemeji yake hapa hapa mjini, akalale huko, awe anakuja asubuhi namwosha mwenyewe."

Alikuwa ananiokoa, mwanangu, na mimi nilisikia kama ananitukana. Unajua desturi yetu. Kwetu mgonjwa aliyetibiwa akarudishwa nyumbani huonekana hakuthaminiwa. Mgonjwa wa heshima hulazwa. Hulazwa, watu wakaja na vyungu vya ugali na maharage, wakakaa kwenye majani nje ya wodi, wakaingia wawili wawili kumtazama. Baba yangu, mzazi wa Daktari Osmundi, alale kwa shemeji juu ya mkeka kama mtu asiye na mtoto? Wale wabebaji wanne wangerudi Mbuji na habari gani?

"Baba analazwa," nikasema. "Kitanda cha dirishani."

"Dirishani ni jirani na wale watatu."

"Ndicho chenye mwanga mzuri."

Na ndicho kilichoonekana kutoka nje. Hilo sikulisema.

Nikamwosha baba haraka haraka, nikashona kidonda kwa mishono mizuri iliyonyooka, maana mikono yangu ilikuwa hodari na hadi leo ni hodari, nikamchoma sindano yangu. Baba akawaambia watu walioko dirishani, "Mmeona? Hata sikusikia." Kutwa nzima watu waliingia. Jioni nilikwenda kumtazama. Nilikuwa nimetoka kufungua bandeji ya mgonjwa wa kitanda cha tatu, yule aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote. Nilifuta vidole vyangu kwa pamba. Nikainua shashi ya baba nikaubonyeza mshono kuona kama umekaa vizuri.

Nimeirudia jioni hiyo mara nyingi kichwani mwangu. Ndoo ilikuwa hatua sita kutoka pale. Mama Kapinga alikuwa ameisugua na kuijaza maji safi.

Siku ya tatu mguu ulivimba. Siku ya nne baba aliacha utani. Siku ya tano nilipofungua bandeji niliiona ile rangi, na kabla sijaiona niliisikia ile harufu. Nikakata nyuzi zangu zote zilizonyooka, na ndani mlikuwa mmeoza.

Niliongeza kipimo. Nikaongeza tena. Nikachanganya na dawa nyingine niliyoinunua kituo cha mabasi. Homa ya baba haikusogea. Mama Kapinga akachukua usaha kwa pamba safi, akaufunga kwenye kichupa, tukaupeleka kwa basi hadi hospitali kubwa, mbali, kwenye maabara ya kuotesha vijidudu. Tulisubiri jibu wakati wekundu unapanda kutoka kifundoni kuelekea goti. Mama Kapinga alichora mstari wa kalamu kila asubuhi mahali wekundu ulipofika, na kila asubuhi mstari wa jana ulikuwa umebaki chini.

Jibu lilikuja kwenye karatasi moja. Yaliandikwa majina ya dawa, na mbele ya kila jina neno moja: sugu. Sugu, sugu, sugu. Sindano yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu. Sugu.

Hapa acha nikueleze jambo hili kwa lugha ambayo ningetamani mtu angenieleza nayo wakati ule, ingawa nilikuwa na diploma. Vijidudu havifanani, kama watu wa kijiji kimoja wasivyofanana. Katika wengi wamo wachache wagumu, ambao dawa fulani haiwadhuru. Siku za kawaida hao wachache hawaonekani, wamebanwa na wenzao. Ukimwaga dawa, unawaua wale dhaifu, na pamoja nao unaua hata wale wasio na madhara waliokuwa wanashika nafasi. Wale wagumu wanabaki na uwanja wote. Wanazaana. Wengine hata hupeana huo ugumu, kama majirani wanavyopeana moto wa jikoni. Na hospitali, mwanangu, ndiyo mahali pa hatari kuliko pote, kwa sababu humo dawa zinamwagwa kila siku, vidonda viko wazi, na kuna watu wanaotembea kutoka kitanda hadi kitanda wakibeba vijidudu hivyo. Sikuwa nimemponya kila mtu kwa siku mbili. Wengi wangepona hata bila mimi. Nilichokuwa nafanya ni kuchagua, sindano kwa sindano, vijidudu vigumu kuliko vyote Mbinga, nikavitunza wodini, kisha nikampelekea baba yangu kwa vidole vyangu mwenyewe.

Nilimweleza baba asubuhi ile. Niliketi kando ya kitanda na karatasi mkononi. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, lakini akili yake ilikuwa timamu.

"Dawa yako imekataa?" akauliza.

"Imekataa, baba."

"Lakini wewe uliniambia inaponya kila kitu."

"Ilikuwa inaponya."

Akageuza uso dirishani. Nje walikuwepo watu wa Mbuji na vyungu vyao. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kuniuliza.

"Hiyo sindano, Osmundi, uliwapa wangapi ambao hawakuihitaji, kabla yangu?"

Nilitoka nje hadi kwenye veranda, nikamkuta Mama Kapinga anakunja shashi. Nilitaka anipige. Ningefurahi angenipiga.

"Mkiukata mguu mapema," akasema kwa sauti ya chini, "bado tunaye mzee. Mkisubiri hadi mstari upite goti, hatutakuwa naye. Kajitayarishe. Na leo utanawa kwenye ndoo yangu, nikiwa nakutazama."

"Mama, kwa nini hukunizuia?"

Akaweka shashi chini. "Nilikuzuia mara tatu. Ulitaka nikuzuie kwa lugha gani? Wewe ulikuwa unasikiliza cheo cha anayesema. Mwanangu, kidonda hakijui diploma."

Nikanawa. Alihesabu kwa sauti huku nasugua, vidole, kati ya vidole, kucha, viganja, mpaka kwenye viwiko, kama mtoto anayefundishwa. Daktari wa upasuaji alikuwa amepanda kutoka Songea kwa wito wa mganga mkuu, naye aliukata mguu wa baba chini ya goti. Mimi nilishika taa na vyombo. Baba, kabla ya ganzi, aliniambia neno moja tu: "Usilie juu ya kidonda, utaingiza uchafu." Hata pale alinitania.

Alipona, mwanangu. Hakuponywa na dawa yoyote niliyoijua. Aliponywa na maji ya chumvi yaliyochemshwa, shashi safi mara mbili kwa siku, mlango uliofungwa wageni wasiingie, na mikono ya Mama Kapinga. Kati ya wale watatu wa ukutani, wawili walitoka. Yule wa kitanda cha tatu hakutoka. Alikuwa mvuvi wa Liuli, ana watoto, na aliingia kwetu kwa jipu la pajani. Jina lake nalitaja kila mwaka kwenye misa ya marehemu, na hapa sitaliandika kwa heshima ya wanawe.

Msimu uliofuata nilikwenda Mbuji. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, gongo la kutembelea kando yake, akiutazama mlima wetu. Mwanangu, kilima cha ngoro kina mwinuko ambao hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Mtu wa mguu mmoja hawezi kusimama pale na nyengo. Alikuwa amefyeka mlima huo tangu ujana wake, na sasa alikuwa anautazama tu.

Akamwita mama. "Teremsha mbegu."

Mama akapanda darini juu ya jiko akateremsha kibuyu cheusi kwa moshi. Baba akanimiminia viganjani maharage yaliyochanganywa na majivu.

"Unakumbuka mwaka ule wa njaa?" akaniuliza. "Ulikuwa mdogo. Ulilala na njaa chini ya kibuyu hiki, na ulijua kimejaa. Ulimlilia mama yako ayapike."

Nilikumbuka.

"Hakuyapika. Alikusikia unalia hadi ukalala, na yeye analia, na hakuyapika. Kwa sababu haya hayakuwa chakula, yalikuwa mbegu. Tungeyala usiku ule, msimu mpya ungekuja na tusingekuwa na cha kutia ardhini." Akayarudisha maharage kwenye kibuyu, moja moja, kutoka mikononi mwangu. "Kule hospitalini kwenu, Osmundi, mlikuwa na kibuyu. Yule mama alikuwa anakitunza. Wewe ukawapikia watu waliokuwa wameshiba."

Nikavua koti, nikachukua nyengo yake, nikapanda mlimani. Nilifyeka hadi viganja vikatoka malengelenge, na yeye kutoka chini alikuwa ananipigia kelele: "Kushoto huko! Unafyeka kama mtu wa Dar es Salaam!" Nilifyeka mlima ule kila Machi hadi alipofariki, miaka mingi baadaye, kwa uzee tu.

Niliporudi kazini, asubuhi ya kwanza nilimkuta Mama Kapinga kwenye ndoo. Nikasema, "Shikamoo, Mama."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Marahaba, mwanangu."

Nikamrudishia ufunguo. Ikatuchukua karibu miaka miwili kuiondoa ile harufu wodini. Tulipaka kuta chokaa, tulichemsha kila kitu, tuliwatenga wenye vidonda vibaya, tulirudi kwenye dawa za kawaida kwa mgonjwa anayezihitaji na kwa siku zinazotosha. Watu walininunia. "Siku hizi Daktari amekuwa bahili wa sindano," walisema. Wengine walihamia kituo cha mabasi kununua rangi mbili zao. Niliumia, maana napenda kusifiwa, siwezi kukudanganya. Lakini vidonda vya wodi yetu vilikauka, na hilo nalijivunia kuliko fremu iliyo ukutani.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayejiandaa kuvaa koti jeupe, na wewe pia ambaye hutalivaa ila utaingia dukani na kusema "nipe rangi mbili". Mafua na kikohozi cha kawaida havitaki dawa hizo. Usimpe mtu dawa ya kuua bakteria kwa kumfurahisha, wala usiidai ili uonekane umetibiwa. Ukiandikiwa kwa haki, zitumie jinsi ulivyoelekezwa, na usimgawie jirani zilizobaki kama unavyomgawia mboga. Dawa kali iache ikae kabatini, ingojee yule ambaye hana nyingine. Huenda huyo ni mama yako. Anayekuonya kazini, msikilize hata kama cheti chake ni kifupi kuliko chako, na mwamkie kama mzazi wako anavyostahili kuamkiwa. Na kabla hujamgusa mtu, hata awe nani, hata uwe na haraka gani, zile hatua sita za kwenda kwenye ndoo zitembee. Mimi nimezitembea maisha yangu yote tangu siku ile, na kila mara nahisi nimechelewa.

Mungu akujalie mikono safi, mwanangu, na moyo unaoweza kumnyima mtu kile asichokihitaji bila kuacha kumpenda. Akulindie wazazi wako wakanyage ardhi kwa miguu yao yote miwili hadi uzeeni. Na siku utakapofungua kabati kwa ajili ya mgonjwa aliyebakiwa na dawa moja tu duniani, Mungu akujalie uikute dawa hiyo bado ina nguvu.